Nimechoka na ubishi wa silaha za Israeli: huyu "miujiza", yule "zawadi ya Marekani"

Wakuu, mnivumilie. Nisipoyatoa hapa nitagombana na watu wazima wenzangu kijiweni.

Mimi ni mkereza vyuma, Gerezani, mwaka wa 19 huu. Tukishafunga kazi tunakaa kwa muuza kahawa, na tangu Oktoba 2023 stori ni hiyo hiyo. Kijiwe kimegawanyika kama Simba na Yanga. Hawa wanasema lile ni taifa teule, akili zao zimeshushwa, hushindani nao. Wale wanasema hawana lolote, wamepewa kila kitu na Marekani, wakinyimwa leo kesho wanapigana kwa mawe. Nilikuwa nanyamaza. Sasa jana kijana wangu wa kazi, bado yuko chuo cha ufundi, kauliza swali la maana kabisa kuhusu mtambo wao wa kutungua roketi angani: "Ile Iron Dome inajuaje roketi itaangukia wapi?" Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, hayo ya wateule, wewe kachonge bushi", yaani vile vibomba vya chuma tunavyokereza. Watu wakacheka. Kijana akainamia kikombe chake mpaka tunaondoka.

Imeniuma, kwa sababu swali lile lina jibu na jibu halijatoka mbinguni. Roketi za kienyeji zikishamaliza kuchoma mafuta yake zinakwenda kama jiwe lililorushwa. Ukijua mwendo wake na pembe iliyoondoka nayo, unajua litatua wapi. Ni hesabu za sekondari hizo! Rada, iliyotengenezwa na kampuni yao ya Elta, inaikamata roketi ikiwa bado inapanda, kompyuta inachora njia iliyobaki. Kama inaelekea porini, wanaiacha ianguke. Kama inaelekea kwenye nyumba, kombora la Tamir linatoka kuitungua. Kazi ngumu ni kuyafanya hayo yote ndani ya sekunde chache, na roketi zikiwa nyingi kwa mpigo. Na walianza kuhangaika nalo baada ya Hizbullah kuwamiminia roketi karibu 4,000 mwaka 2006, huku baadhi ya majenerali wao wenyewe wakilipinga kwamba ni kutupa pesa. Mtambo wa kwanza ulisimikwa Beersheba Machi 2011, na mwezi uliofuata ukatungua roketi ya kwanza. Dola za Marekani ziliingia wakati mchoro umeshachorwa, zikanunua mitambo mingi zaidi. Sasa hapo muujiza uko wapi, na zawadi iko wapi?

Tena watu hawajui walikoanzia. Mwaka 1945, Mwingereza bado anatawala Palestina, karibu na Rehovot walichimba karakana chini ya ardhi, juu yake wakaweka bekari na nyumba ya dobi. Mashine ya kufulia ikisogezwa, ndipo mlango wa kushukia. Ngurumo za dobi zinafunika kelele za mashine za kukata maganda ya risasi. Vijana wa kule chini walipigwa mwanga wa taa maalumu ili ngozi zisipauke, maana mtu akionekana mweupe pee wakati wenzake wanashinda shambani, watu watauliza. Shaba waliiagiza kwa kisingizio cha kutengeneza vikasha vya rangi ya mdomo. Mpaka 1948 walikuwa wametoa risasi zaidi ya milioni 2. Mimi nasoma habari kama hiyo naona karakana yangu, grisi mpaka kwenye kope. Nyinyi mnaona malaika.

Na ndege zao za kwanza za kivita, 1948? Zilitoka Chekoslovakia, zimetokana na Messerschmitt ya Mjerumani, zimefungwa injini isiyokuwa yake, marubani wanazilaani. Wayahudi wanarusha ndege ya uzao wa Hitler, miaka mitatu tu baada ya vita! Mwenye shida hachagui spana.

Bunduki ndiyo msiseme. Uzi (bunduki, si huu uzi wangu) ni ya Uziel Gal, mzaliwa wa Ujerumani. Galil je? Baada ya vita vya 1967 askari walilalamika kwamba bunduki zao za FAL zinakwama mchanga ukiingia, wakati AK za adui zinafyatua tu. Basi Yisrael Galili akachukua mtambo wa AK kupitia bunduki ya Wafini, Valmet, akatengeneza yake. Na ndani yake akaweka kifungulio cha chupa. Ndiyo, cha soda! Askari walikuwa wanafungulia chupa kwa mdomo wa magazini, mdomo unapinda, risasi zinakwama. Badala ya kuwagombeza akawapa kifungulio. Huo ndio ufundi ninaouheshimu mimi, wa kumwangalia mtumiaji anavyoharibu kitu.

Sasa wa "wamepewa". Wamepewa mara ngapi, wamenyimwa mara ngapi? De Gaulle, rais wa Ufaransa, alizuia ndege 50 za kivita za Mirage mwaka 1967, pesa imeshalipwa. Zikaja habari za mhandisi wa Uswisi, Alfred Frauenknecht, aliyewapa michoro ya injini ya Mirage iliyotakiwa kuchomwa moto, akafungwa 1971. Huo ni wizi, tuuite wizi. Mwingereza naye aliwachezesha na kifaru cha Chieftain, wakakijaribu jangwani, 1969 akawageuka. Jenerali Israel Tal akakaa chini na karatasi, 1979 kikaingia jeshini kifaru chao wenyewe, Merkava: injini mbele ili imkinge askari, mlango nyuma.

Lakini wa "miujiza" msishangilie bado. Injini ya hiyo Merkava ilikuwa ya Kimarekani, na mzinga wa kwanza wa milimita 105 una asili ya Uingereza. Ndege yao ya Kfir, bodi ya Mirage, injini ya ndege ya Phantom ya Marekani. Walipotaka kuiuza Ecuador mwaka 1977 Washington ikasema hapana, kwa sababu injini ni yake. Lavi, ndege waliyotaka iwe yao kabisa, ilizikwa Agosti 1987 kwa kura 12 dhidi ya 11 za baraza la mawaziri, pesa ya Marekani ilipogoma. Leo F-15, F-16, F-35 zote ni za nani? Na mkataba wa msaada wa kijeshi wa Marekani, dola bilioni 38, wa 2019 hadi 2028 nao mtasema ni maono ya nabii? Hata wale mnaopenda kutaja Entebbe 1976, walipookoa mateka uwanja wa ndege Uganda, ndege za Hercules walizokwenda nazo ni za Marekani, na jengo walilolivamia lilijengwa na kampuni ya Waisraeli wenyewe.

Droni ndizo naweza kuwaachia. Vita vya 1973 makombora ya Kisovieti yaliwaangushia ndege nyingi, na kufika Juni 1982 kule bonde la Bekaa, Lebanon, walirusha vindege visivyo na rubani mbele, Wasyria wakawasha rada kuvifukuza, wakawa wamejianika. Na mhandisi wao Abraham Karem, mzaliwa wa Baghdad, alihamia Marekani akaanza kuunda droni kwenye gereji ya nyumba yake. Predator, droni ya kivita ya Marekani, imetokana na kazi ile. Gereji, wakuu. Gereji!

Kuna jambo kijiwe kizima hakigusi, upande huu wala ule. Wauzaji wa silaha wa Israeli wanajivunia kwamba mali yao "imejaribiwa vitani", na 2024 waliuza nje silaha za zaidi ya dola bilioni 14. Imejaribiwa juu ya nani? Gaza kuna watoto chini ya vifusi, nyinyi mnahesabu magoli. Na ule uzio wa mpaka wa Gaza, wa kamera na bunduki zinazojiendesha, waliojisifia Desemba 2021, ulitobolewa tarehe 7 Oktoba 2023 kwa tingatinga na vidroni vya kudondoshea mabomu. Mlinzi wa mashine alilala akiamini mashine.

Leo asubuhi nimemchorea kijana njia ya roketi kwa chaki sakafuni, pembe na mwendo, kaielewa kwa dakika kumi. Jioni narudi naye kijiweni. Yule mzee aanze kwa kunitajia injini ya Kfir ilitoka wapi, kisha ndiyo anielezee habari za bushi.