Tupeane uzoefu: siku kazi ya picha na video ilipokuharibikia mbele za watu

Mpiga Picha wa Ujiji
Jana jioni nilikuwa nakung'uta vumbi begi la kamera, nikakuta kwenye mfuko wa pembeni ratiba ya ndoa moja ya hapa Ujiji, imekunjwa mara nne na ina doa la mawese, na palepale tumbo likanikata kama siku ile. Tulikuwa watu watatu: mimi msikitini, mwenzangu kwa akina mama nyumbani kwa bibi harusi, na kijana wa kubeba taa na standi. Sheikh alitoa hotuba ndefu na nzuri, nami nikaiacha kamera kubwa ikirekodi mfululizo huku nikitafuta nyuso za wazee kwa kamera ya pili. Hatimaye bwana harusi akashikana mkono na walii, akatamka kwa sauti ya kutetemeka kwamba amekubali kumuoa, nami nikageuka kwa furaha kuitazama kamera kubwa. Taa nyekundu haikuwapo. Ilikuwa imejizima yenyewe. Baba wa bwana harusi aliyasoma yote usoni mwangu, akamnong'oneza sheikh kama maneno yale yanaweza kurudiwa kidogo tu. Sheikh akajibu, wala hakukasirika, kwamba ndoa imekwisha fungwa na yeye hafungi ndoa kwa ajili ya kamera. Mpaka leo daladala ikipita pale mimi hutazama upande wa pili wa barabara. Haya, mwageni yenu.

Mzawa wa Tabora
Hata huku kwetu yametukuta. Sina la kuongeza.

Fundi Taa
Pole, lakini hiyo haikuwa mikosi. Kamera nyingi za picha za miaka ile ziliwekewa kikomo cha dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu forodha ya Ulaya ilikihesabu chombo kinachorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video na kukitoza ushuru zaidi. Ulipaswa kuizima na kuiwasha upya mara tu hotuba ilipoonekana kurefuka.

Bibi Mhariri
Mwenzetu anaeleza aibu yake, wewe unamsomea ushuru wa Ulaya. Mimi ndiye ninayekaa usiku kucha kuunganisha vipande vyenu, na nakuhakikishia kwamba nusu ya video unazoniletea wewe, Fundi Taa, zina mistari inayopanda na kushuka kwa sababu hujui kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kwamba chini ya taa za mirija shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, inatakiwa iwe 1/50 ya sekunde.

Fundi Taa
Hayo yalitokea mara moja tu, tena ukumbini Mwanga, na jenereta ilikuwa mbovu.

Bibi Mhariri
Mara tatu. Ninazo zote.

Boti ya Kibirizi
Naomba muache ugomvi niwasimulie langu. Tulialikwa kupiga harusi katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, ambako gari halifiki, kwa hiyo tulipanda boti ya mbao bandarini Kibirizi, hapa Kigoma, pamoja na magunia, kuku na mama mmoja aliyebeba kabati la vyombo. Kamera tulizifunga kwenye mifuko ya nailoni, tukazitia ndani ya ndoo yenye mfuniko, na ndoo nikaipakata safari nzima. Sherehe ilikwenda vizuri. Kamera moja niliiweka juu ya meza kwenye kona ya turubai, ikawa inatazama umati wote bila mtu. Watu walitunza, wakacheza, bahasha zikatumbukizwa katika sanduku lililofunikwa karatasi ya kumetameta. Asubuhi, tukisubiri boti ufukweni, kamati nzima ikaja inatembea haraka. Sanduku lilikuwa jepesi. Mwenyekiti akaamuru nirudishe video yote ya usiku pale pale, na watu kama thelathini wakanizunguka kutazama kioo kidogo kuliko kiganja. Nikasogeza mbele, nikasogeza nyuma, na kabla mwingine yeyote hajatambua, mimi nikaona mkono unaoingia sandukuni na kitenge kinachoufunika, na nikamtambua mwenye mkono, maana alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akiniambia nipeleke mbele haraka, hapo hakuna kitu.

Mama wa Kamati
Ikawaje?

Mzawa wa Tabora
Ikawaje?

Mpiga Picha wa Ujiji
Nami nilitaka tuzungumzie kazi kuharibika, lakini nakubali kwamba hata mimi nasubiri.

Boti ya Kibirizi
Niliizima, nikasema betri imekwisha. Kisha nikamwita mwenyekiti peke yake nyuma ya vichanja vya dagaa, nikamwonyesha. Alitazama mara mbili bila kusema neno, akaniomba niifute. Sikuifuta, lakini sikumpa mtu nakala. Wakati boti inaondoka nilimwona amekaa na yule mtu juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na baadaye nikasikia kwamba bahasha zimepatikana chini ya godoro.

Mama wa Kamati
Ulikosea. Aliyechangia ana haki ya kujua nani alikula mchango wake. Ningekuwa pale ningeitisha kikao hapo hapo mchangani.

Bibi Mhariri
Hakukosea hata kidogo. Umati wa watu thelathini ufukweni unaweza kumuua mtu kabla ya kikao. Isitoshe tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu si bidhaa ya kugawa kwa kila anayeidai.

Fundi Taa
Mimi ningemdai bahasha moja ya usumbufu.

Kijana wa Standi
Naomba kuuliza tofauti kidogo: kamera ikirushiwa maji ya ziwa, ni kweli inawekwa kwenye mchele?

Fundi Taa
Weka, siku mbili.

Bibi Mhariri
Usiweke, unga wa mchele utaingia kwenye lenzi. Toa betri na kadi, ipanguse, iache kivulini penye hewa, na usiiwashe hata ukitamani.

Boti ya Kibirizi
Mimi nasema nunua ndoo yenye mfuniko.

Mzawa wa Tabora
Turudi kwa mwenye mada. Malipo yaliyobaki walikulipa?

Mpiga Picha wa Ujiji
Walinilipa nusu, na sikubisha. Lakini mdogo wake bwana harusi alikuwa amerekodi sauti kwa simu iliyokuwa mfukoni mwa kanzu, ikiwa na mkwaruzo wa kitambaa mwanzo hadi mwisho, na kwa kamera ya pili nilikuwa nimepata picha moja ya mikono miwili iliyoshikana. Tukaiweka ile sauti juu ya picha hiyo, ikatulia pale kwa sekunde kumi na moja. Mama wa bibi harusi hulia kila anapofika hapo, na kila tukikutana sokoni hunisifu kwa ubunifu ule. Sijawahi kumweleza.