Blanketi zito: la shanga za kioo, la plastiki au la kufumwa?

Mama Nuru
Habari zenu. Naomba ushauri wa walioyatumia mablanketi mazito, yale yanayotiwa uzito makusudi ili yaukandamize mwili utulie na kulala. Huu mwaka mzima nashtuka saa nane usiku na usingizi haurudi hadi alfajiri. Siumwi popote, mwili tu unakataa kutulia, miguu inatafuta pa kukaa. Rafiki aliniazima blanketi lake usiku mmoja nikalala moja kwa moja mpaka saa kumi na moja. Nililirudisha shingo upande.

Sasa nataka la kwangu, nimechuja nikabakiwa na matatu. La kwanza lina shanga za kioo, kilo 7, sentimita 150 kwa 200, kitambaa cha pamba. La pili lina uzito na ukubwa ule ule, ila ndani ni chembe za plastiki na upande mmoja una manyoya laini. Hilo ndilo nafuu kuliko yote. La tatu limefumwa kwa uzi mnene, halina chembe zozote, kilo 6, sentimita 120 kwa 180. Mimi nina kilo 63 na ni mtu wa joto, hata shuka peke yake hunitoa jasho. Mngekuwa mimi mngechukua lipi?

Zamu ya Usiku
Pole Mama Nuru, hiyo saa nane naijua vizuri. Nimelala na la plastiki miezi minane, na la kioo huu ni mwaka wa pili, kwa hiyo nitasemea hayo mawili.

La plastiki lina sauti. Kila nikijigeuza nilisikia chembe zikimiminika, kama kuna mtu anatikisa kayamba chumba cha pili. Mwenye usingizi mzito hatajali, lakini mwenye usingizi mzito hatafuti blanketi hili. Halafu vifuko vyake, yaani vile vyumba vilivyoshonwa kushika chembe, vilikuwa vikubwa, chembe zikahamia upande wa miguuni. Ikawa kila jioni kabla ya kulala nalitandaza kitandani na kuzisukuma kwa viganja zirudi mahali pake.

La kioo ni kama mchanga laini sana. Linakufuata: kwenye bega linapanda, kiunoni linashuka, katikati ya miguu linazama. Na hayo manyoya, dada yangu, kwa mtu wa jasho usiyaguse kabisa.

Fundi Cherehani
Nimeshona mablanketi ya aina hii na kuyafumua mengine kuyatengeneza, naomba niongeze sababu ya hayo aliyosema Zamu. Kioo kina uzito wa gramu kama 2.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Plastiki inayotumika humo haifiki hata gramu 1. Maana yake ni kwamba kupata kilo 7 za plastiki unahitaji chembe zinazojaza nafasi karibu mara tatu ya kioo. Ndiyo sababu la plastiki linavimba, linachukua nafasi kabatini na kupiga kelele. Yapo pia yenye shanga za chuma, hizo ni nzito mara tatu ya kioo na blanketi linakuwa jembamba sana, ila likilowa na kuchelewa kukauka unajitafutia kutu.

Lakini Mama Nuru, kabla ya kuuliza ndani kuna nini, tazama mshono. Vifuko viwe vidogo, kama sentimita 10 kila upande au pungufu ya hapo. Shika pembe moja, inua blanketi lining'inie, litikise, kisha papasa vifuko vya chini. Ukikuta vimejaa na vya juu vimelegea, uzi ulikatika mahali au vifuko vimepimwa vibaya. Halafu pitisha ukucha kwenye mstari wa mshono. Ukiona matundu ya sindano yamefunguka, shanga ndogo za kioo zitapita hapo. Nimefumua blanketi ambalo mwenyewe alidhani ni mchanga wa viatu unaoingia kitandani, kumbe ni shanga. Lililotengenezwa vizuri lina kitambaa cha ndani kinachoshika shanga, tofauti na kile unachokiona nje.

Baba Pacha
Wote mmesema vizuri ila mmeruka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Mama Nuru amesema la kwanza ni kilo 7 na la tatu kilo 6, kwa hiyo mtu anadhani la kwanza ndilo zito. Hebu pigeni hesabu. Kilo 7 kwenye 150 kwa 200 zimetandazwa kwenye mita 3 za mraba, sawa na kilo 2.3 kwa kila mita. Kilo 6 kwenye 120 kwa 180 ziko kwenye mita 2.16, sawa na karibu kilo 2.8. Lile la kilo 6 ndilo litakalokukandamiza zaidi! Hilo pana, sehemu ya uzito wake inalala kwenye godoro, haikufikii. Na likizidi upana wa kitanda, linaning'inia na kujivuta taratibu hadi sakafuni. Mimi nimelipoteza la kwanza hivyo usiku baada ya usiku, naamka saa tisa liko chini.

Ile kanuni inayotajwa sana, kwamba blanketi liwe na asilimia 10 ya uzito wa mwili wako, ni ya kuanzia tu. Nina kilo 74, nikajidai na la kilo 9. Wiki mbili mabega yaliniuma na nikawa naamka nimekakamaa kwa sababu kujigeuza kulikuwa kazi. Nikashuka hadi 7 na ndipo nilipolala. Kipimo changu sasa ni kimoja: ukiwa umelala chali, uweze kulitupa pembeni kwa mkono mmoja bila kujiandaa. Likikushinda, ni zito mno kwako, hata kama hesabu inasema ni sawa.

Na kama mnalala wawili, kila mtu awe na lake. Msinunue moja kubwa la kushirikiana. Uzito unaomfaa mmoja unamchosha mwenzake, na yeyote akijigeuza anamvua mwingine.

Uzi Mnene
Mbona la kufumwa hamjalisemea? Ninalo, na mtu wa joto kama Mama Nuru ndiye linamfaa hasa. Uzito uko kwenye uzi wenyewe na hewa inapita kwenye matundu. Huna hofu ya shanga kumwagika.

Kasoro zake nitazitaja pia. Vidole vya miguu vinaingia kwenye matundu, mwanzoni inakera. Linatanuka: likianikwa kwa kuning'inizwa likiwa limelowa, linarudi refu na jembamba, kwa hiyo lianikwe likiwa limelala bapa. Na kucha au pete ikivuta uzi, rudisha kitanzi ndani kwa kidole siku hiyo hiyo kabla hakijakua.

Zamu ya Usiku
Uzi Mnene, mimi nililijaribu la aina hiyo kwa dada yangu na sikuridhika. Mgandamizo wake una mistari: panapokaa uzi pazito, panapokaa tundu hakuna kitu. La kioo linakandamiza sawasawa. Ila kwenye joto nakubali, hakuna linalolifikia.

Msomaji
Kwa anayejiuliza kama jambo hili lina ukweli wowote, limefanyiwa utafiti. Wazo la kwamba kubanwa kunatuliza ni la zamani kidogo. Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani mwenye usonji, alijitengenezea mashine ya kujibana akiwa kijana katika miaka ya 1960. Mwaka 2020 watafiti wa Uswidi walitoa matokeo ya watu wazima 120 wenye shida ya kukosa usingizi pamoja na magonjwa kama sonona na wasiwasi. Nusu walipewa mablanketi yenye minyororo ya chuma ndani, ya kilo 6 hadi 8, wengine mepesi ya kilo 1.5. Baada ya wiki 4, karibu asilimia 60 ya waliopewa mazito shida yao ilipungua kwa nusu au zaidi, na kwa wenye mepesi ni kama asilimia 5. Matokeo mazuri sana, ila kumbukeni mtu hawezi kufichwa kwamba amefunikwa kitu kizito, na matumaini nayo hulaza.

Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2014 kwa watoto 67 wenye usonji haukukuta nyongeza ya usingizi, ingawa watoto na wazazi wao walilipenda zaidi blanketi zito. Na ule wa chuo kikuu cha Uppsala wa mwaka 2022 ulikuta melatonini, homoni ya usingizi, kwenye mate ya vijana 26 imepanda kwa karibu theluthi moja usiku waliojifunika zito, lakini muda wa kulala haukubadilika. Kwa hiyo Mama Nuru, usiku ule mmoja wa kuazima ni dalili njema, ila jipe wiki mbili tatu kabla ya kuamua.

Mama Nuru
Ahsanteni sana, hesabu ya Baba Pacha imenifungua macho, nilikuwa naangalia kilo tu. Maswali mawili. Linafuliwaje? Na nina mtoto wa miaka miwili ambaye alfajiri hupanda kitandani na kujipenyeza kwangu. Kuna ubaya akilala chini ya ukingo wake?

Muuguzi wa Watoto
Mama Nuru, kwa hilo la pili nakuomba usikubali hata kwa dakika tano. Kipimo kile cha Baba Pacha cha kulitupa kwa mkono mmoja, mtoto wa miaka miwili hawezi kukifaulu. Kilo 6 kwako ni sehemu ya kumi ya uzito wako, kwake ni karibu nusu ya mwili wake. Likimfunika uso wakati wewe umelala fofofo, hataweza kuliinua. Kwa watoto wachanga, American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilisema wazi mwaka 2022 kwamba wasiwekewe kitu chochote chenye uzito wanapolala.

Na zipu pia ni hatari. Mwaka huo huo, zaidi ya mablanketi mazito 200,000 ya watoto yaliondolewa sokoni Marekani baada ya wasichana wawili, wa miaka 4 na 6, kufungua zipu, kuingia ndani ya foronya yake (mfuko wa nje unaovalishwa blanketi) na kukosa hewa. Kama lako lina foronya ya zipu, liondoe kitandani na ulifungie kabatini mchana.

Kwa watu wazima, mwenye pumu, anayekatika pumzi usingizini au mwenye shida ya mzunguko wa damu amuone daktari kwanza.

Fundi Cherehani
Kuhusu kufua: nunua foronya ya blanketi yenye vikamba ndani vya kufungia pembe, hiyo ndiyo utakayofua kila wiki. Blanketi lenyewe lifue mara chache, kwa maji ya vuguvugu kwenye karai kubwa au bafuni, ulikanyage kwa miguu, usilikamue kwa kulisokota. Mashine ya kilo 7 imepimwa kwa nguo kavu zilizotawanyika, si kwa mzigo mmoja uliolowa unaojikusanya upande mmoja ikizunguka kwa kasi. Na lianikwe bapa, likauke hadi kwenye mishono.

Mama Nuru
Narudi kuwapa habari, leo ni usiku wa kumi na saba. Nilipata la shanga za kioo la kilo 6, sentimita 120 kwa 180, pamba nje, vikamba badala ya zipu. Nilitikisa kila pembe kama Fundi alivyosema, na moja nililirudisha pale pale kwa sababu vifuko vya juu vilikuwa vitupu.

Siku tatu za kwanza niliweka miguuni tu, kisha nikalipandisha hadi kifuani. Saa nane bado nashtuka mara moja moja, ila sasa narudi kulala bila kushika simu. Joto lipo kidogo, nimeondoa shuka la juu na kubaki na blanketi peke yake. Nikisikia mtoto anakuja, nalivuta na kuliacha lishuke upande wa ukutani, ndipo namfungulia nafasi.