Tupeane uzoefu: Kitoto cha mbwa wa umbo dogo, wewe unakilisha nini?

Mkulima_Mjini:
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita duka moja la dawa za mifugo, nikamkuta dada kabeba kitoto cha mbwa cheupe ndani ya kanga, kidogo kama panya buku. Anamuuliza muuzaji, "Hiki chakula cha kupima kwa kilo kitamfaa?" Jamaa hata hakugeuka: "Mbwa ni mbwa tu, dada."

Nilisimama pale kama nimepigwa kofi, maana mwaka juzi niliambiwa maneno hayohayo. Nilikuwa na kijibwa aina ya Maltese wa wiki saba. Nikawa nampa maziwa ya ng'ombe na mkate, nikijiona baba bora. Siku ya pili kaharisha, siku ya nne nikamfukia nyuma ya banda la kuku. Daktari alinikuta nimeshika jembe.

Sasa nimepata mwingine, wiki ya tisa. Sitaki kurudia. Cha dukani au cha kupika? Mara ngapi kwa siku? Tupeane uzoefu. Nawasilisha.

Babu_wa_Tegeta:
Ugali wa dona na dagaa. Nafuga tangu 1994. Mnawadekeza halafu mnashangaa wanakufa.

Mama Kelvin:
Babu shikamoo. Wa kwako ni mbwa wa ulinzi, anakula hata ndala. Hiki kina kilo moja, tumbo lake halizidi kikombe cha kahawa. Ukikijaza ugali kimeshashiba, na protini hakijaiona. Ndiyo yale unayoyaona, tumbo kubwa kama ngoma na mbavu zinahesabika.

Babu_wa_Tegeta:
Marahaba. Tumbo kama ngoma ni minyoo, siyo ugali.

Mama Kelvin:
Vyote viwili babu.

Kinyozi_Njiro:
Mimi niliruka ugali nikaangukia upande wa pili. Nilikuwa na hela kidogo wakati ule, nikasema mwanangu atakula nyama tupu. Nyama ya kusaga isiyo na mafuta, asubuhi na jioni, miezi miwili. Manyoya yaling'aa kweli. Ila alipofika mwezi wa nne miguu ya mbele ikaanza kupinda kama upinde, akawa analia ukimshika. Kumbe nyama tupu haina kalisi ya kutosha, mwili unakwenda kuichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Ilibidi nimrudishe kwenye punje za dukani, kile chakula kikavu cha mbwa wanaokua. Miguu ilinyooka nusu. Mpaka leo anatembea kama mzee wa gauti.

Tulia_Tu:
Hata wangu alipinda hivyohivyo.

Mgogo_Halisi:
Hapo kwenye dona niongeze neno. Dona yenyewe siyo tatizo, tatizo ni mahindi gani. Tuliokuwa Dodoma 2016 hatuhitaji kukumbushwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ilifanya nini kwa watu. Sasa fikiria yale mahindi mtu anayaona yameoza, anasema "haya ya mbwa," au ananunua pumba zilizolala stoo zenye harufu ya uvundo. Mbwa ni dhaifu sana kwa sumu ile, inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Wangu alianza kukataa chakula, kisha fizi na macho yakawa ya njano kama binzari. Tulidhani karogwa.

Chuma_Chakavu:
Samahani wakuu, lakini nchi hii kuna watu wanalala na uji wa chumvi, nyie mnajadili kalisi ya mbwa?

Mama Kelvin:
Umelazimishwa kufungua uzi?

Chuma_Chakavu:
Ni maoni tu, usinitukane.

Mama Kelvin:
Nimekutukana wapi? Nionyeshe neno.

Kinyozi_Njiro:
Turudi kwenye mada jamani.

Binti_Kilema:
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila Mkulima umenitonesha kidonda. Ngoja niseme, hata kama mtanicheka.

Nilinunua kijibwa aina ya Pomeranian kule Moshi, wiki nane, nimpeleke Dar kwa dada yangu aliyekuwa ametoka kujifungua. Aliyeniuzia akanipa ushauri mmoja tu: "Akishakula leo jioni usimlishe tena, atakuchafulia njiani." Nikatii. Nikamweka kwenye mkoba mkubwa, juu nikafunika na kitenge, maana basi lenyewe halichukui wanyama. Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka.

Mpaka Same anachezacheza. Mombo kalala, nikashukuru Mungu. Tunakaribia Korogwe nikaingiza mkono nimguse, nikakuta wa baridi. Wa baridi kabisa, kama chupa ya soda. Nikamtoa. Shingo inaning'inia. Halafu akaanza kukakamaa, miguu inapiga, povu linatoka. Nilipiga yowe basi zima likasimama wima.

Hapo sasa. Mzee mmoja nyuma yangu anasema, "Kichaa cha mbwa hicho, tupa nje!" Watu wakaanza kupanda juu ya viti. Konda anakuja anafoka, nani kaingiza mbwa, nani kakuruhusu. Mwingine anasema nimpake pilipili puani. Mwingine anashauri tumwombee, na kweli akaanza kuomba kwa sauti. Mimi nalia tu.

Akatokea mama mmoja ana mtoto mgongoni. Hakuuliza kitu. Alimpapasa, akasema, "Amekula saa ngapi huyu?" Nikamwambia jana jioni. Akaniangalia jicho ambalo sitalisahau. Akatoa pakiti ya glukosi ya mwanawe, akakoroga kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akachovya kidole na kuanza kumsugua kwenye fizi. Chovya, sugua. Chovya, sugua. Mwingine akataka kummiminia mdomoni, yule mama akampiga mkono: "Utamzamisha mapafu!"

Basi likawa kimya kama msikitini. Baada ya dakika kama kumi ulimi ukatoka. Akalamba kidole. Akainua kichwa, akanikojolea. Watu walipiga makofi!

Tulipofika Korogwe nilimnunulia supu ya kuku isiyo na kitu, nikampa vijiko vitatu na vipande vya nyama. Kila baada ya saa nikampa tena mpaka Ubungo. Na yule mzee wa "tupa nje" kila kituo ananigusa bega, "Binti, kameamka?"

Tulia_Tu:
Nimelia ofisini.

Mtoto_wa_Feri:
Konda alikutoza nauli ya mbwa?

Binti_Kilema:
Alinitoza 5,000. Ila aliirudisha Chalinze, akaomba apige naye picha.

Mtoto_wa_Feri:
Hahaha makonda bwana. Sasa hivi kako wapi?

Binti_Kilema:
Kako kwa dada, kana miaka minne. Kanaitwa Glukosi. Kana uzito wa kilo tatu na kiburi cha kilo mia.

Chuma_Chakavu:
Hii ningesimuliwa ningekataa. Lakini hapo kwa mzee nimecheka.

Omena_Daily:
Huku kwetu Mombasa wangu alizimia vivyo hivyo, mama akampa soda. Alipona. Soda nayo ni dawa.

Daktari_Mifugo_Moro:
Soda siyo dawa ndugu yangu, ilisaidia sukari iliyomo. Hawa wadogo wadogo mwili hauna akiba. Ini dogo, misuli kidogo, na joto linapotea haraka. Wakikaa saa nyingi bila kula, hasa wakiwa na baridi, minyoo au hofu ya safari, sukari inashuka na ubongo unakosa cha kutumia. Yule mama wa kwenye basi alifanya sawasawa kabisa, hata pale alipompiga mtu mkono. Asali au maji ya sukari kwenye fizi, mpashe joto, akizinduka ale, kisha daktari hata kama anaonekana mzima.

Kwa hiyo Mkulima, kabla ya kuuliza "nini", uliza "mara ngapi". Kwa wiki tisa mpe mara nne, na mlo wa mwisho uwe usiku kabla hujalala. Akishafika miezi mitatu unaweza kushuka hadi mara tatu.

Ukinunua cha dukani, kiwe kimeandikwa ni cha mbwa wanaokua, siyo cha wakubwa. Protini isishuke chini ya asilimia 22 na ushee, na kalisi iwe imetajwa. Punje ziwe ndogo. Akishindwa kutafuna loweka kwa maji ya uvuguvugu.

Kinyozi_Njiro:
Na cha kupima kwa kilo?

Daktari_Mifugo_Moro:
Kiroba kimefunguliwa lini? Nani aliiona tarehe yake? Mafuta yake yanachacha kikikaa wazi kwenye joto. Nusa. Kikinuka kama mafuta ya chipsi ya wiki iliyopita, kiache.

Babu_wa_Tegeta:
Kwa hiyo dagaa hapana?

Daktari_Mifugo_Moro:
Dagaa ndiyo, babu. Waoshe chumvi na mchanga, wachemshe, wape kama kitoweo. Ila wasiwe chakula chote.

Babu_wa_Tegeta:
Basi nilisema dagaa.

Mswahili_Chumbageni:
Mie sifugi, kwa sababu zinazojulikana, ila jirani yangu anafuga kijibwa cha manyoya. Sikukuu ya Idi nikampelekea sinia la pilau, na mbwa naye akamegewa. Usiku wa manane nagongewa mlango. Kitunguu na zabibu, zote sumu kwao! Mie pilau bila zabibu siliiti pilau. Tangu siku hiyo mbwa namtengea nyama pembeni, haijaguswa na kitu.

Mama Kelvin:
Na mifupa ya kuku iliyopikwa msiwape. Inapasuka kama vioo.

Mtoto_wa_Feri:
Mimi wangu anakula mifupa miaka sita.

Mama Kelvin:
Na kuna watu wanavuka Morogoro Road wamefumba macho, wanafika.

Tulia_Tu:
Mkulima nyongeza ndogo. Usimbadilishie chakula ghafla. Muulize aliyekuuzia alikuwa anakula nini, uendelee nacho, ukichanganya na kipya kidogo kidogo kwa wiki moja. Mimi nilibadilisha kwa siku moja, nikafua zulia wiki nzima.

Mkulima_Mjini:
Wakuu nimesoma yote mara mbili. Binti Kilema umenimaliza.

Mrejesho: nimempigia aliyeniuzia, anasema alikuwa anawapa punje zilizolowekwa na kuku wa kuchambua. Nimepata dukani kiroba kidogo cha punje hizohizo, hakijafunguliwa. Glukosi nimenunua pakiti mbili, moja iko jikoni na nyingine mfukoni. Nimeweka kengele ya simu saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Leo mama mwenye nyumba kanigongea, ananiuliza kwa upole kama nina mtoto mchanga ndani ambaye sikumwambia.

Babu_wa_Tegeta:
Mwambie ndiyo. Asije akapandisha kodi kwa ajili ya mbwa.