Uzi wa malalamiko: Kabla hujauliza kama Jimmy Scott ni dada au kaka, acha wimbo uishe!

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie. Anayekuja kuniambia "ni muziki tu, punguza presha" apite kushoto mapema.

Kila klipu ya Jimmy Scott, yule mwimbaji wa jazi wa Marekani, ikiwekwa, yanajirudia yaleyale. Wa kwanza anauliza huyu ni dada au kaka. Wa pili anaapa kwamba ni bibi kizee. Wa tatu anasema hii lazima ni akili mnemba, hakuna binadamu mwenye sauti hivi. Wa nne, kasoma nusu aya mahali, anatangaza kwamba jamaa alihasiwa utotoni. Baada ya hapo ni vikaragosi vya kucheka hadi chini ya ukurasa. Tafuta mtu mmoja aliyesema lolote la maana kuhusu alivyoimba. Humpati.

Wanaonikera kupita wote ni hawa wanaojirekodi wakisikiliza. Kuna mmoja nilimwangalia mpaka nikatamani kuirusha simu. Bendi inaingia, Scott anatoa neno la kwanza, jamaa anasimamisha wimbo. Anatoa macho, anashika kichwa, anaisogelea kamera: "Subirini kwanza, huyu ni mwanaume?" Anashangaa weeee, karibu kuliko wimbo wenyewe. Anaachia maneno mengine mawili matatu, anasimamisha tena. Sasa mwimbaji ambaye nusu ya ufundi wake iko kwenye kimya anachokiacha kati ya neno na neno, wewe unakijaza kimya hicho kwa kelele zako, halafu mwishoni unampa alama saba kwa kumi. Saba za nini? Umesikia nini?

Haya, la mwili tulimalize sasa hivi ili lisitupotezee muda. Scott alizaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1925, akiwa na hali ya kurithi inayoitwa sindromu ya Kallmann. Ubongo hautoi ile homoni inayouamsha mwili kubalehe, kwa hiyo koromeo halikui kama la wavulana wengine na sauti haivunjiki. Hadi utu uzima alikuwa mfupi kama mtoto, ndiyo maana akaitwa Little Jimmy Scott. Hakuna aliyemkata kitu! Waliokatwa ni wale wavulana waimbaji wa Italia wa karne zilizopita, na hiyo ni habari nyingine kabisa, msituchanganyie madesa.

Na wale wa "hiyo falseto tu, hata mimi naimba hivyo", jaribuni tuwasikie. Falseto ni mwanaume mwenye sauti iliyokwisha kuvunjika anayepanda juu kwa kuilegeza na kuipunguza, ndiyo maana mara nyingi inatoka nyepesi yenye pumzi nyingi. Scott hapandi popote. Pale ndipo anapoishi. Msikilize anaposhuka kwenye noti za chini, sauti ina kifua, ina uzito, na ule mtetemo wake mpana unabeba maumivu ya mtu mzima. Na mnaosema ni sauti ya kitoto, mnaitoa wapi?

Mtasema nakasirika bure, watu wanauliza tu. Hapana. Swali hilohilo limemgharimu huyu mtu jina lake, tena kwa maandishi.

Mwaka 1950 ulitoka wimbo "Everybody's Somebody's Fool", bendi ya Lionel Hampton, anayeimba ni Scott. Ukapanda kwenye chati za R&B. Kwenye karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri kuna jina la Hampton. La mwimbaji halipo. Watu wakaipenda sauti bila kujua ni ya nani. Mwaka huohuo akaimba "Embraceable You" na Charlie Parker, gwiji wa saksafoni, kwenye klabu ya Birdland, New York, na onesho likarekodiwa. Rekodi hizo zilipokuja kutolewa kwenye albamu miaka ya 1970, wimbo ule ukaandikwa kuwa umeimbwa na Chubby Newsom. Mwanamke! Yaani umesimama jukwaani na Charlie Parker, unakuja kukuta sifa amepewa mtu ambaye hakuimba. Haihitaji mganga kujua kosa kama hilo linaanzia wapi. Linaanzia kwa msikilizaji aliyesikia sekunde tano akajiaminisha kwamba ameshamjua mwenye sauti. Ndicho mnachofanya nyie kila siku, tofauti ni kwamba nyie mnaweka na kicheko.

Msinielewe vibaya, si kila balaa lake lilitoka kwa wasikilizaji. Mwaka 1962 Ray Charles, nyota wa muziki wa soul, alimrekodi kwenye lebo yake, yaani kampuni yake ya rekodi, Tangerine, akampigia piano mwenyewe. Albamu ikatoka, Herman Lubinsky, mwenye kampuni ya rekodi ya Savoy, akadai Scott bado yuko kwenye mkataba wake, ikaondolewa sokoni. Ikakaa gizani takriban miaka 40. Mwenye sauti ile akarudi Cleveland kufanya kazi hotelini na hospitalini. Hapo wa kulaumiwa wanajulikana. Lakini mtu aliyenyang'anywa miaka yote hiyo, leo amefika kwenye masikio yako bure, na unachompa ni "hahaha, nilidhani ni bibi yangu".

Tuje kwenye lile linaloniuma kweli, la wale wanaodhani anachelewa. "Anaburuta." "Kapitwa na biti." "Mbona kama amesahau maneno?"

Chukua albamu ya All the Way ya mwaka 1992, ule wimbo wenye jina hilohilo. Weka mguu chini, pigapiga taratibu. Usimtazame mwimbaji, fuata besi. Besi ni Ron Carter, piano ni Kenny Barron, ngoma ni Grady Tate. Sasa subiri neno. Unapolitegemea, halipo. Kodi, zile noti kadhaa za piano zinazopigwa pamoja, imeshapigwa, unaanza kudhani amesinzia, ndipo neno linakuja, na linakuja polepole, linavutwa hadi karibu na mwisho wa nafasi yake, na linalofuata nalo anakucheleweshea. Bendi haimkimbii wala haimsubiri. Inakwenda na mwendo wake, naye anaelea nyuma yake, na kila sentensi inapokwisha anatua pale anapotakiwa kutua. Mguu wako uko palepale na wimbo haujaanguka. Mnadhani Ron Carter, mtu aliyekuwa kwenye kundi la Miles Davis, gwiji wa tarumbeta, miaka ya 60, angekaa studio na mwimbaji aliyepotea biti asimwambie?

Billie Holiday, mwimbaji mashuhuri wa jazi, naye alikuwa anakuja nyuma ya biti, na hakuna anayemwambia kasahau maneno. Ila Scott anakwenda nyuma zaidi, na kwenye nyimbo za polepole zaidi, na hapo ndipo anapowashinda wenye haraka. Kuna mtu kabisa aliniambia yeye humsikiliza kwa kuongeza spidi. Sikumjibu. Kuna mambo ukijibu unaonekana nawe una shida.

Halafu kuna kundi la pili linalojiona limestaarabika. Hawa hawacheki, hawa wanalia. "Maskini." "Malaika aliyefungwa kwenye mwili wa mtoto." "Ugonjwa ulimpa kipaji." Jamani! Sindromu ya Kallmann inampa mtu koromeo dogo. Haimfundishi kuingia nyuma ya kodi, haimfundishi neno gani livutwe na lipi liachiwe. Wapo watu wengi wenye hali hiyo na hawaimbi. Yeye alianza kuimba kanisani, akazunguka na maonesho ya jukwaani akiwa kijana mdogo, akapita kwa Hampton, akaja kuimba mazishini kwa mtunzi wa nyimbo Doc Pomus mwaka 1991, na bosi wa lebo Seymour Stein aliyekuwa anasikiliza akampa mkataba. Scott alikuwa na miaka 65. Ile albamu ya 1992 niliyoitaja ndiyo matokeo, na ikateuliwa kuwania Grammy. Ukimwaga machozi kwa ajili ya homoni zake unamfutia kazi yote hiyo, sawasawa na yule anayecheka.

Sijasema lazima umpende. Kama mtetemo wake unakuudhi, sema unakuudhi na useme wapi. Kuna rekodi za uzeeni ambazo hata mimi naona pumzi imemwishia na mtetemo umekuwa mpana mno, na nikisema hivyo namhukumu kwa kuimba. Hiyo ni haki yake.

Basi, naomba mawili. Mnaosambaza klipu ya Birdland, andikeni Jimmy Scott kwenye kichwa cha klipu, acheni kunakili makosa ya zamani. Na atakayekuja humu kubisha, aje na jina la wimbo na dakika ngapi sekunde ngapi, tubishane hadi asubuhi. La dada au kaka limeshajibiwa hapo juu. Atakayeliuliza tena namripoti kwa kujaza uchafu kwenye uzi.