Uchungu ulikuanzaje? Tupeane uzoefu, hasa wa Moshi na Arusha

Mleta uzi, Majengo Moshi
Habari zenu wapendwa. Hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki ya 37. Kliniki wameniambia kichwa cha mtoto kiko chini, nikae tayari. Tangu hapo tumbo likikaza kidogo tu nashtuka. Mama yangu yuko Rombo, na mama mkwe anasema "ukiumwa utajua". Nitajuaje? Naomba kila mmoja aseme wake ulianzaje.

Mama wa wawili, Kidia
Hongera mdogo wangu. Wa kwanza ulinianzia kiunoni, wala si tumboni. Nachambua maharage, kiuno kinabana, kinaachia. Dada akasema niandike saa kila kinapobana. Mara dakika 15, mara 25, haueleweki. Akanipa uji, nikaoga maji ya vuguvugu, nikatembea uani. Uchungu wa uongo mara nyingi hupoa ukifanya hivyo. Wangu ukazidi. Jioni ukawa unakuja kila dakika 5, ukishika unakaa karibu dakika nzima, siwezi hata kuongea. Tukaondoka. Kupimwa, njia imefunguka sentimita 5.

Wa pili usiusubirie hivyo, huwa unakwenda mbio. Na huku kwetu mlimani masika ni utelezi mtupu, gari dogo halipandi. Mimi nilishuka mjini mapema nikakaa kwa wifi yangu. Mwenye usafiri aongeleshwe kabla, siyo usiku wa manane ndiyo mnaanza kutafuta namba.

Wa Sakina
Mimi sikuumwa. Nimejigeuza kitandani, maji ya moto yakashuka mapajani. Nikajaribu kuyabana kama mkojo, hayabaniki. Nikaangalia saa, nikavaa pedi safi, tukaenda hospitali ya Mount Meru bila kusubiri uchungu. Swali la kwanza la nesi: chupa ya uzazi imepasuka saa ngapi, na maji yana rangi gani? Yangu yalikuwa meupe. Ukiona ya kijani au kahawia, huenda mtoto amejisaidia ndani, wahi sana.

Baba Junia, Usa River
Wababa, begi mlijue. Nesi akisema "leta kanga, leta nguo za mtoto", anayechakura ni wewe. Kwetu kadi ya kliniki ilikaa juu kabisa, chini yake kanga safi zilizopigwa pasi, mpira wa kulalia, glovu, pamba, pedi kubwa, beseni, kisha kofia, soksi na blanketi, maana Julai ya huku baridi yake mnaijua. Vituo vinatofautiana, ulizeni orodha ya pale mtakapojifungulia. Tafuteni pia ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu.

Mkunga
Naongezea. Ute mzito wenye damu kidogo unaonyesha njia inaanza kulainika. Uchungu unaweza kuja siku hiyo au siku kadhaa baadaye, usiogope. Ila damu inayotiririka, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana huku macho yanaona ukungu, au degedege, hapo hakuna kuhesabu dakika. Pigeni 115, ni bure, ni namba ya usafiri wa dharura wa m-mama. Na dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, nawasihi msinywe. Mfuko wa uzazi unaweza kukaza kupita kiasi hadi ukapasuka.

Mleta uzi
Mungu awabariki. Tumesoma wote na mume wangu, kesho anaongea na jirani mwenye Noah. Swali moja limebaki: mama mkwe anasema uchungu ukianza nisile kitu. Ni kweli?

Mkunga
Mwambie mama kwa upole kwamba utahitaji nguvu ya kusukuma. Ukiwa bado nyumbani kunywa uji, mtori mwepesi au chai ya sukari, maji kidogo kidogo, na ukojoe mara kwa mara ili kibofu kisimzuie mtoto kushuka. Ukishafika wodini utafuata watakavyokuelekeza. Aliyepangiwa upasuaji ndiye asile, kwa saa alizoambiwa na daktari wake.