Mizani imeganda kilo 82, wiki ya saba sasa. Nimwambie nini asiache?

Mtembezi_Alfajiri

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nasimamia kikundi cha mazoezi cha kina mama, tunakutana uwanja wa Maisara, Unguja, baada ya sala ya alfajiri, siku tano kwa wiki. Waliojiunga miezi mitano nyuma walishuka vizuri, lakini sasa karibu nusu yao uzito umegoma na mahudhurio yanapungua. Mtu akiona mizani haitembei wiki tatu, ya nne haji.

Nitoe mfano wa mmoja, kwa ruhusa yake. Miaka 38, urefu sentimita 160. Alianza na kilo 91, akafika 82 kwa miezi mitano. Wiki ya saba sasa yupo hapo hapo, mara 81.6, mara 82.7. Anatembea kilomita 5 kila tukikutana. Asubuhi chai na nusu boflo, mchana wali kikombe kimoja na mchuzi wa samaki wa nazi, usiku muhogo au ndizi na mboga. Hana sukari wala presha. Anaapa kwamba hajabadilisha kitu.

Nataka kujua nini kinatokea mwilini, na nimwambie nini asiache. "Usikate tamaa, mama" nimeshaisema mpaka imeisha ladha.

Kipimo_na_Chumvi

Wa alaykum salaam, bibie. Umefanya la maana kuleta namba, maana bila namba tungebaki kuombeana dua tu.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kushusha kilo 9 kwa siku 150 maana yake kila siku alikula pungufu ya alizotumia kwa kalori 460 hivi. Sasa upande wa matumizi. Kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor, mwanamke wa umri na urefu huo mwenye kilo 91 hutumia kalori kama 1,560 hata akilala kutwa. Akiwa na 82 hutumia 1,470. Zidisha kwa 1.4 kwa ajili ya kazi za nyumbani na matembezi: zile 2,180 zimekuwa 2,060. Mwili mdogo unakula moto mdogo. Juu ya hapo mwili uliopungua hubana matumizi kidogo zaidi, tuseme 50 hadi 100.

Kwa hiyo katika lile pengo la 460, mwili wenyewe umeziba kama 200. Zinabaki 260, ambazo zingetosha kumshusha kilo moja kwa mwezi. Hazimshushi. Basi zinarudi kwa njia fulani, na njia yenyewe mara nyingi ni jikoni.

Lakini usimwambie kwamba anadanganya! Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake kule Marekani walikadiria kwamba kila kilo inayopungua huongeza hamu ya kula kwa kalori 100 hivi kwa siku, wakati matumizi hushuka kwa 20 hadi 30 tu. Mtu aliyetoa kilo 9 anavutwa na njaa kubwa kuliko ya mwezi wa kwanza, na hiyo njaa haimwambii "kula sahani ya pili". Inamwambia upawa ujae kidogo, andazi limegwe, ukoko ukwanguliwe. Ndiyo maana kwa macho yake hakuna kilichobadilika. Hilo ndilo la kumwambia: kubaki 82 kwa wiki saba na njaa ya namna hiyo ni kazi, tena ngumu kuliko ya mwanzo, na anaifanya bila kupewa zawadi ya mizani.

Kabla ya yote, hakikisheni kweli umeganda. Maji peke yake hupandisha na kushusha kilo 1 hadi 2. Ng'onda na urojo wa jana jioni (chumvi), siku za kukaribia hedhi, choo kigumu, misuli iliyochoka kwa zoezi jipya, vyote vinashika maji. Mtu apimwe asubuhi akishatoka chooni, kabla ya kula, nguo nyepesi zile zile, mizani juu ya sakafu ngumu. Mara nne kwa wiki, achukue wastani, alinganishe wastani na wastani. Anayepata hedhi alinganishe wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita. Wastani na kiuno vyote visiposogea kwa wiki nne, hapo tuseme umeganda.

JikoLaChake

Hizo 260 zinapotea kirahisi mno katika chakula ulichokitaja. Mimi naanza na nazi.

Nazi kubwa yenye nyama ya gramu 400 ina kalori karibu 1,400. Zote haziingii kwenye tui, chicha hubaki na zake, ila tui la kwanza ndilo linalobeba mafuta. Sufuria ya mchuzi ya watu sita kwa nazi moja inaweza kumpa kila mmoja hadi kalori 200 za tui pekee, na wali nao ukiwa wa nazi hesabu inaruka. Simwambii mtu wa Pemba aache nazi, atanifukuza. Wali upikwe mweupe siku ya mchuzi wa nazi, na mchuzi upikwe kwa tui la pili, la kwanza liwe vijiko viwili vya kumalizia ili ladha ibaki.

Mafuta ya kukaangia vitunguu: kijiko kimoja cha kulia ni kalori 120. Anayemimina kwa chupa anamimina vitatu akidhani ni kimoja. Kijiko kikae ndani ya kopo la mafuta, basi.

Halafu hicho "kikombe kimoja" cha wali. Kikombe cha chai kilichosawazishwa ni kalori 200 hivi, kilichojazwa kwa kilele ni 300. Na usiku ndipo watu wanapojidanganya zaidi, kwa sababu muhogo unahesabiwa kama chakula chepesi. Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha ni kalori 160, wali ni 130, mbatata za kuchemsha hazifiki 90. Vipande vitatu vya muhogo vinavyojaza kiganja ni gramu 300 kwa urahisi, yaani karibu 480 kabla hujautia tui.

Chai hukuitaja sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16. Cha kilele ni karibu maradufu. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko viwili vya kilele kila kimoja, tayari ni 180.

Afanye hivi: siku saba apime na aandike kila kitu, pamoja na anachoonja akipika. Siku saba tu. Kupima maisha yote ndiko kunakowachosha watu mpaka wanaacha kabisa.

Komesha_Tumbo

Nyote mnazunguka. Maji moto, tangawizi, ndimu, asubuhi na usiku, na aache chakula cha usiku. Wiki mbili tumbo linaondoka.

Kipimo_na_Chumvi

Ndugu yangu, tangawizi na ndimu ni kinywaji kizuri hasa kikichukua nafasi ya chai ya sukari, lakini hakiyeyushi mafuta. Kuacha chakula cha usiku huondoa kilo moja na nusu haraka kwa sababu wanga uliohifadhiwa mwilini hushikana na maji, kiasi cha gramu 3 za maji kwa gramu 1 ya wanga. Siku akila sahani ya pilau maji yanarudi, na yeye anajiona ameshindwa mara ya pili. Tena kama kikundini kuna anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, kumwambia alale bila kula ni khatari, sukari inaweza kushuka usiku akiwa usingizini. Hao wasibadilishe mlo bila daktari wao kujua.

Mkufunzi_Gombani

Kuhusu matembezi: si kweli kwamba mwili "umezoea" mpaka kilomita 5 zikawa bure. Kwa kilo 91 zilikuwa zinamgharimu kalori kama 230, kwa kilo 82 ni kama 205. Kinachobadilika ni saa nyengine za siku. Mtu anayekula kidogo hukaa zaidi bila kujua: anamtuma mtoto dukani, anapanda daladala kituo kimoja. Na masika yakishika, siku tano za uwanjani zinakuwa mbili. Simu ihesabu hatua kutwa nzima, si uwanjani tu, na aongeze 2,000 juu ya wastani wake wa sasa.

Kinachokosekana kabisa kwenye ratiba yako, Bi Mtembezi, ni mazoezi ya nguvu. Katika kila kilo inayopungua kwa mlo na kutembea tu, kama robo inaweza kuwa misuli, na misuli ikienda matumizi nayo yanakwenda. Siku mbili, tuseme Jumatatu na Alkhamisi, fupisheni matembezi yawe kilomita 3, dakika 25 zilizobaki zitumike hivi:

Kukaa na kusimama kwenye kiti au baraza ya kimo cha goti, mikono kifuani, bila kujirusha. Kujisukuma ukutani, na akiweza 12 kwa wepesi ahamie kwenye ukingo wa baraza. Kisha dumu la maji: ainame kutoka nyonga, mgongo umenyooka, alivute mpaka ubavuni, mkono huu kisha huu. Aanze na lita 5, yaani kilo 5, apande mpaka 10. Kila zoezi seti 3 za mara 8 hadi 12, aishie pale anapohisi angeweza mbili zaidi. Mwenye goti bovu aongeze mto juu ya kiti, kimo kikipanda goti linapumua.

Na protini. Mtu wa kilo 82 anayepungua alenge gramu 90 hadi 100 kwa siku kama figo ni nzima. Samaki aliyepikwa gramu 100 ana karibu 23, yai 6, kikombe cha choroko zilizopikwa 14. Mlo ulioutaja una samaki mara moja tu kwa siku, asubuhi hakuna kitu. Mayai mawili badala ya robo ya ile boflo yatamshikisha mpaka adhuhuri.

Tahadhari moja, na waambie kabla hamjaanza: wiki mbili za kwanza za dumu mizani inaweza kupanda nusu kilo mpaka moja, ni maji ya misuli. Usipowaambia mapema, ndipo utakapowapoteza.

Mtembezi_Alfajiri

Allah awalipe. Nina mengine mawili. Moja, shughuli: kila Jumapili kuna arusi au hitima, na kwenye sinia huwezi kupima. Pili, maneno ya watu. Huyu dada kila akipita anaulizwa "mbona umesinyaa hivyo, unaumwa?" na siku hiyo hiyo mizani inamwambia hajapungua. Anavunjika pande zote mbili.

Bi_Rehani

Tuanze na sinia, mwanangu. Pengo lake likirudi kuwa 260 kwa siku, kwa wiki ni 1,820. Sehemu yake ya biriani, soda ya mililita 350 ambayo ni kalori 140 na kitu, sambusa mbili na halua ya kuondokea nayo vinaweza kufika 1,500. Jumapili moja inakula kazi ya siku sita. Hahitaji kususa shughuli za watu. Ale upande wake tu wa sinia, aanze na nyama na kachumbari, anywe maji, na halua afungiwe ya nyumbani, wapo watakaoimaliza. Asiende na njaa ya kutwa kwa "kujiwekea nafasi", huko ndiko kufukia shimo kwa koleo.

Maneno ya watu yana jibu fupi: "Niko salama, alhamdulillahi, nimepunguza kwa makusudi." Likirudiwa mara tatu kwa sauti ile ile, linachosha muulizaji.

Sasa mizani. Kilo 9 kati ya 91 ni karibu asilimia 10. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari Marekani, uliotolewa 2002, washiriki waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na kundi hilo lilipata kisukari pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu. Huyu dada amelipita lengo lile akiwa bado anajiona hajafika. Mwonyesheni kwa kalamu na karatasi.

Na mpeni kitu chengine cha kupima. Futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, apumue nje, mara moja kila wiki mbili. Kwa urefu wake kiuno kinachotakiwa ni chini ya sentimita 80, nusu ya kimo. Pili, dakika anazotumia kumaliza kilomita 5. Tatu, anasimama kitini mara ngapi kwa sekunde 30. Hivyo viwili vya mwisho vinaboreka hata mizani ikilala: dakika zinapungua, na kusimama kunaongezeka.

Akiwa amechoka kweli, simamisheni kupunguza kwa wiki nne kwa makusudi. Lengo liwe kubaki kati ya 81 na 83, ale kiasi cha kutosheka, mazoezi yaendelee. Atarudi na hamu, na atakuwa amejifunza kushikilia, ambako wengi huangukia. Mimi ningempa hizo wiki nne kabla ya kumgusa wali wake.

Mwisho, yapo yanayoweza kuushika uzito: aulizwe kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, dawa za steroidi, na dalili za tezi ya shingo: baridi isiyo na sababu, choo kigumu, usingizi mzito, nywele kukatika. Ikiwepo mojawapo aende kituo cha afya, na sindano asiikatishe mwenyewe.

Mtembezi_Alfajiri

Nimeandika yote. Jumatatu tunaanza na madumu. Naona haya kuuliza hili: mizani ya kikundi tunaiweka uwanjani juu ya mkeka, na tunapima Jumamosi baada ya matembezi.

Kipimo_na_Chumvi

Kumbe! Bibie, juu ya mkeka kwenye nyasi mizani inaweza kudanganya vibaya, na jasho la saa moja peke yake laweza kuwa nusu kilo au zaidi. Zile 81.6 na 82.7 zifute zote. Apimwe kwake, sakafuni, asubuhi nne za wiki hii, kisha ulete wastani hapa.