Mrejesho: Stempu ya Samoa ya mark 5 yenye muhuri wa Apia

Wakuu, niliuliza kama muhuri wa posta ya Apia, mji mkuu wa Samoa, wa mwaka 1913 kwenye stempu yangu ya Samoa ya Wajerumani, ile ya mark 5 yenye meli ya Hohenzollern, ni halali. Jibu limepatikana: ni wa kughushi.

Mmoja wenu alinishauri niuache muhuri kwanza, niangalie karatasi. Nikailaza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, nikaidondoshea benzini safi, na alama ya maji (mchoro uliomo ndani ya karatasi yenyewe) yenye maumbo ya almasi ikajitokeza wazi. Hapo ubishi ukaisha. Toleo la Samoa la 1900 halikuwa na alama hiyo. Stempu zenye alama zilichapwa Berlin baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, zikauzwa kwa wakusanyaji hukohuko Ujerumani. Apia hazikufika kabisa, kwani jeshi la New Zealand lilishaitwaa Samoa mwishoni mwa Agosti 1914. Muhuri wa 1913 ungeigongaje stempu ambayo haijachapwa?

Sababu ya kughushi ni pesa tu. Mark 5 ya toleo la kwanza, ikiwa imetumika kweli, ina bei kubwa kuliko mpya.

Wenye stempu za Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Wajerumani) msikimbilie kipimo hiki. Meli ni ileile, lakini kwetu huku zenye alama ya maji zilitumika kihalali miaka kadhaa kabla ya vita. Kwa hizo, uchunguzi lazima uanzie kwenye muhuri wenyewe: herufi, tarehe na wino.

Asanteni sana. Yangu nimeiandikia kwenye albamu, "muhuri wa kughushi", asije mtu akauziwa.